Nakala kwa Mwenyekiti wa Mwalo

Ijumaa ile, saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa nimekaa sakafuni katika ofisi ya mbunge wetu pale Mwanga, napanga mafaili, najiona mtu muhimu. Niseme mapema kwamba nina kiburi. Mama anasema nilizaliwa nacho, walimu wanasema nilikiokota kwenye midahalo. Kwa vyovyote, ilikuwa wiki yangu ya tatu ya kujifunza kazi pale, na tayari nilikuwa naiona Dodoma kwa macho. Shule ilileta wanafunzi wawili wa kidato cha tano kwa likizo ya Juni, na yule ambaye angeandika barua bora ndiye angepelekwa kuangalia kikao cha Bunge. Mwenzangu alikuwa Bariki, na barua yake nzuri kuliko zote ilihusu vyoo.

Yangu haikuhusu vyoo. Nikafungua faili la barua zilizotoka, nikaitafuta niisome tena kwa kujifurahisha tu, sikatai. Nikasoma kurasa zote mbili hadi chini, penye sahihi ya katibu na muhuri. Chini ya muhuri palikuwa na mstari mmoja ambao sikuukumbuka: *Nakala: Mwenyekiti wa Mwalo, Nyamsanze.*

Nikausoma mara ya pili. Barua ile ilikuwa inamlalamikia huyo huyo Mwenyekiti wa Mwalo, na ndani yake kulikuwa na jina la mwanamke ambaye nilimwapia kwamba jina lake halitatoka.

Anaitwa Verediana. Alikuja Jumanne, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akakataa kuongea na katibu. Akasubiri mpaka katibu alipotoka kwenda kula, na Bariki alipokwenda kutoa kopi, ndipo akasogea mezani kwangu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mjane wa mwaka wa pili, na vidole vyake vilikuwa na magamba ya dagaa ambayo nadhani hayatoki hata kwa sabuni.

"Wewe ni mtoto wa kike," akasema. "Nitakwambia wewe."

Anaanika dagaa Nyamsanze, mwalo mdogo wa kuegesha mitumbwi ulio mbele ya Kibirizi. Pale, kila mwezi unapokuwa mpevu, mitumbwi hailali ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa kwenye mwanga, na siku hizo ndizo Mwenyekiti anazotumia kugawa upya chanja za kuanikia kwa ajili ya giza linalofuata. Chanja za mbele zinapata jua na upepo, dagaa wanakauka siku hiyo hiyo. Za nyuma zinapata kivuli na inzi. Kila mwanamke anaitwa jina, anakwenda mezani, anachukua kibao chenye namba. Mambo yote hayo ni ya haki na yameandikwa kwenye kanuni za mwalo. Lisiloandikwa ni kwamba wajane huambiwa wapitie kwanza chumbani kwa Mwenyekiti, jioni, peke yao, kuhakikisha kama majina yao yamo.

"Mara ya kwanza nilikataa, nikapewa chanja ya nyuma kabisa," akasema Verediana. "Mara ya pili nilikataa, sikupewa kitu. Hii inayokuja ni ya tatu. Nina watoto wawili, mwanangu."

Nikaandika. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, na hasira ilikuwa inanipanda.

"Lakini jina langu lisitoke," akasema. "Akijua ni mimi, chanja nitaisikia kwenye redio. Na mashemeji zangu wakisikia jina langu na lake kwenye karatasi moja, watasema nilikwenda kwake. Wanatafuta sababu tu ya kunitoa kwenye nyumba ya marehemu."

"Halitatoka, dada. Naapa."

Kuapa ni rahisi ukiwa na miaka kumi na minane na kitambulisho cha ofisi shingoni.

Siku iliyofuata katibu, Mzee Telesphory, alinirudishia barua. Huyu aliwahi kuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na hajaacha kalamu nyekundu. "Umeandika vizuri sana, Winfrida," akasema, "lakini barua isiyo na jina la mlalamikaji ni umbea wenye muhuri. Weka jina." Nilitakiwa kukataa. Nilitakiwa angalau kwenda Nyamsanze kumuuliza mwenye jina. Badala yake nilisikia lile *vizuri sana*, nikajiambia kwamba barua inakwenda kwa Mheshimiwa Dodoma peke yake, nikaliweka. Na kwa kuwa sikujua mpangilio rasmi wa barua za ofisi, nikafungua kwenye kompyuta barua ya Bariki ya vyoo, ambayo nayo ilihusu Nyamsanze, nikafuta maneno yake na kumimina yangu. Chini kabisa sikushuka. Mzee Telesphory naye hakushuka. Alisaini barua kumi na tano Alhamisi jioni huku anaongea na simu.

Sasa nikarukia daftari la kusambazia barua. Lilikuwa halipo, maana yake Elikana ameshaondoka nalo. Elikana ni dereva wa bodaboda anayetupelekea barua kila Ijumaa.

"Bariki," nikasema, "mpigie Elikana."

Bariki alikuja, akasoma nilipoweka kidole, akashika kichwa. "Winfrida. Umechemka."

"Mpigie!"

"Napiga." Akasikiliza. "Haipatikani. Huyu simu yake huwa haina chaji mpaka jioni."

Ndipo nikaingia kwa Mzee Telesphory bila kubisha hodi, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni makosa," akasema. "Lakini si makosa makubwa unavyodhani. Mlalamikiwa ana haki ya kujua analalamikiwa nini. Hata mimi ningemwandikia mwishowe."

"Na mlalamikaji ana haki gani, Mzee?"

"Ya kujibiwa. Ndiyo maana ana jina."

"Atamnyima chanja! Watamfukuza nyumbani!"

"Akifanya hivyo, mama huyo atarudi hapa na tutaandika barua nyingine." Alisema hivyo kwa upole, na najua aliamini. Alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye karatasi na hakuna karatasi iliyowahi kumng'ata. "Barua ya ofisi ikishatoka na muhuri haifukuzwi barabarani, Winfrida. Maji yameshamwagika. Kaa umalize mafaili."

Nikasema ndiyo, Mzee. Nikatoka kwake, nikapita mafaili, nikapita Bariki aliyeniuliza naenda wapi, nikashuka ngazi mbio.

Bodaboda niliyoipata ilikuwa ya kijana mmoja aliyetaka kunipigia hadithi. Tulishuka hadi Kibirizi, tukapita wachukuzi na magunia, tukashika njia ya vumbi inayofuata ziwa, na kichwani nilikuwa napiga hesabu ya njia za Elikana. Huwa anaanza manispaa. Huwa anakunywa chai sokoni. Kama ameanza manispaa na akanywa chai, ninamuwahi. Nikamwomba Mungu amfanye Elikana awe mlafi siku hiyo.

Tulikutana naye anarudi. Nilimpungia mikono yote miwili mpaka dereva wangu akapiga kelele nimshike.

"Ya Nyamsanze?" Elikana akasema, akitabasamu kama mtu aliyefanya kazi vizuri. "Nimeanza nayo leo, dada, ndiyo ya mbali. Karani wao kasaini." Akanionyesha daftari. *Feliksi, karani, saa 3:20.*

"Mwenyekiti ameifungua?"

"Hakuwepo. Nimeiacha mezani."

Nikamwambia dereva aendeshe.

Nyamsanze kulikuwa kimya kwa namna kunavyokuwa mwezi ukijaa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, wanaume wachache wanashona nyavu, chanja tupu zimejipanga hadi kwenye mawe. Ofisi ya mwalo ni chumba kimoja cha tofali chenye kibaraza. Kwenye kibaraza, wamekaa chini wameegemea ukuta na wengine juani, walikuwepo wanawake kama arobaini. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Ugawaji ulikuwa leo. Verediana alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Akaniona, akaona kitambulisho shingoni mwangu, na uso wake ukaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu mbele za watu.

Nikapita moja kwa moja ndani. Bahasha ilikuwa mezani, pembeni ya kikapu cha vibao, haijafunguliwa. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Karibu, mwanangu."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu mlangoni. Bwana Dismasi. Nilikuwa nimemchora akilini kama jitu lenye macho mekundu, lakini alikuwa mzee msafi, shati limepigwa pasi, sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani. Baadaye niliambiwa kwamba yeye ndiye aliyewahi kutoa injini ya mtumbwi wake kumkimbiza hospitali mama aliyekuwa anajifungua. Watu wa namna hiyo ndio ambao ni vigumu kusadiki kwamba ni wabaya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetoka kwa Mheshimiwa? Naona kitambulisho. Mheshimiwa hajambo?"

"Hajambo, Mzee. Mzee, samahani, hii barua imeletwa hapa kimakosa. Nimetumwa niirudishe."

Akaichukua kabla yangu, akaishika mbali na macho, akaigeuza. "Imeandikwa Mwenyekiti wa Mwalo, au naona vibaya?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na Mwenyekiti wa Mwalo ni nani?" Aliwauliza wanawake kupitia mlangoni. Wawili watatu wakacheka, kicheko cha kumridhisha mkubwa. "Sasa makosa yako wapi, mwanangu? Barua ya mtu akishapewa ni yake." Akaichana bahasha kwa kidole gumba, akatoa zile karatasi mbili, akazisogeza karibu, akazipeleka mbali. "Lakini Mungu ni mkubwa, amekuleta. Juzi nimeikalia miwani yangu. Nisomee. Wewe ni msomi. Na soma kwa sauti na hawa mama zako wasikie, hapa Nyamsanze hatuna siri."

Akanipa. Alinipa mwenyewe, mkononi, barua niliyoifuata mbio kutoka mjini, na nisingeweza kwenda nayo popote. Yeye alikuwa upande mmoja wa mlango, na wanawake arobaini upande wa pili.

Nikazitazama zile karatasi. Sentensi zangu zote nzuri zilikuwa pale. Nilikuwa nimeandika *unyanyasaji uliokithiri* na nikajipongeza. Mstari wa nne kulikuwa na jina lake, majina yote matatu, na namba ya simu.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa vyoo.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasoma. "Yah: Ubovu wa vyoo katika mwalo wa Nyamsanze. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea malalamiko kutoka kwa wananchi kwamba matundu mawili kati ya manne yamejaa." Barua ya Bariki niliijua kwa moyo, nilikuwa nimeicheka siku tatu. Sasa nilikuwa nashukuru kila tundu. "Na kwamba hali hiyo inahatarisha afya za wachakataji wa mazao ya uvuvi, hususan akina mama..."

"Ngoja," akasema Bwana Dismasi. "Hii ya vyoo nimeshaipata. Wiki iliyopita. Feliksi alinisomea."

Pumbavu mimi, bila shaka alikuwa ameipata. Nakala ilikuwa ya kwake.

"Hii ni ya kukumbushia, Mzee," nikasema. "Ofisi yetu barua isipojibiwa ndani ya siku saba inaandika ya pili."

Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, akatikisa kichwa. "Kweli sijajibu. Mmenishika. Endelea."

Nikaendelea. Barua ya Bariki ilikuwa ya ukurasa mmoja na mimi nilikuwa na kurasa mbili mkononi, kwa hiyo nilibuni ukurasa wa pili. Nikaweka mbao za kuezekea. Nikaweka tangi la maji. Sauti yangu ilikuwa inasikika kama ya mtu mwingine, mtu mpole asiye na haraka. Nilipogeuza karatasi nikamwona Verediana kupitia mlangoni. Alikuwa amekaa vile vile, lakini mkono wake umeushika ukuta. Alijua. Yeye hakuleta malalamiko ya vyoo, na wiki hiyo hakuna mwingine pale aliyekuwa amekaa mezani kwangu.

"Wako katika ujenzi wa taifa," nikamaliza.

"Ahsante, mwanangu. Umesoma vizuri." Akageukia nje. "Feliksi! Njoo upokee barua hii uisome upya, uandike jibu leo leo. Sitaki kudharauliwa."

Karani akaingia, kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. Akanyoosha mkono. Sikumpa.

"Nitarudi nayo, kaka," nikasema. "Naona haina namba ya kumbukumbu. Lazima ikaandikwe."

"Namba si hiyo hapo juu?" akasema Feliksi. Alikuwa anaisoma kichwa chini miguu juu kutoka pale aliposimama. Macho yake yakashuka mstari unaofuata, nikaikumbatia karatasi kifuani.

Bwana Dismasi hakuongeza sauti. "Mwanangu, mpe karani karatasi."

Sikusogea. Akanitazama mikono, akatazama kitambulisho, kisha akafanya kitu kilichoniogopesha kuliko vyote. Aliniacha. Akageuka, akasimama mlangoni, akaanza kuwatazama wanawake, mmoja mmoja, taratibu, kuanzia mwisho wa kibaraza.

"Nani kati yenu," akauliza, "alikwenda mjini wiki hii?"

Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake akakohoa. Nilitaka kusema ni mimi, nimetunga yote, mimi ni mwongo wa midahalo, na nadhani ningesema. Nikachelewa.

Verediana akasimama.

"Binti," akasema, akinitazama mimi na si Mwenyekiti, "isome ilivyoandikwa."

"Dada..."

"Uliniapia."

"Niliapa. Nisamehe, dada."

"Ya msamaha tutaongea siku nyingine. Sasa hivi soma." "Hiyo karatasi ataipata, kama si leo ni kesho. Akiisoma peke yake ataisimulia anavyotaka yeye. Nataka hawa wasikie nilichosema, na wakisikie leo. Nilisema nilikataa. Neno hilo lipo?"

"Lipo."

"Basi lisome."

"Kaa chini, Verediana," akasema Bwana Dismasi.

Hakukaa. Na mimi nikatoka hadi kibarazani, nikasoma.

Nilisoma jina lake, majina yote matatu. Nilisoma kwamba mwezi wa nne aliambiwa apitie chumbani kwa Mwenyekiti, jioni, peke yake, na kwamba alikataa, akapewa chanja ya nyuma. Nilisoma kwamba mwezi wa tano aliitwa tena, akakataa tena, na jina lake halikuitwa kabisa, dagaa wake wakaoza kwenye ndoo. Nilipofika kwenye *unyanyasaji uliokithiri* nikaona aibu, nikaliruka, kwa sababu halikuwa neno lake. Nikasoma maneno yake tu. *Alisema nisiposhuka kwake watoto wangu watakula mchanga. Nikamwambia wataula.* Hayo nilikuwa nimeyaandika kama alivyoyasema, na yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyatunga.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walikuwa wanatazama miguu yao. Mmoja alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, na wa pembeni yake amemshika goti, lakini hakuna aliyesema hata *jamani*. Nikafikiri: nimemmaliza. Nilimtoa uchi mbele ya watu na hakuna aliyemfunika.

Bwana Dismasi akacheka kidogo, bila haraka. "Maneno ya watoto wa shule," akasema. "Mbunge ana kazi nyingi, anatuletea wanafunzi waje kutunga hadithi. Haya. Tumepoteza muda na jua linakwenda. Feliksi, orodha."

Akarudi mezani, akaivuta pamoja na kikapu cha vibao hadi pale pale mlangoni ili wote wakione. Feliksi akampa orodha, akainama kumnong'oneza la kwanza. Mwenyekiti akamkatisha, akatazama nje, akachagua mwenyewe.

"Révérienne," akaita. "Chanja namba moja."

Watu wakageuka. Révérienne alikuwa bibi mfupi aliyekaa juani, mbali na ukuta. Niliambiwa baadaye kwamba familia yake ilivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, kwamba miaka yote amekuwa akianika nyuma kule, na kwamba kila alipoomba kusogezwa mbele aliulizwa karatasi zake za uraia. Namba moja ilikuwa chanja ya kwanza kabisa, penye upepo. Hajawahi kupewa. Bwana Dismasi alijua anachofanya. Akitoka huyu, mwenye shida kuliko wote, akachukua, wengine wangefuata, na kusimama kwa Verediana kungekuwa kumeisha hapo hapo.

Bibi akainuka. Ilimchukua muda. Akapita katikati ya wenzake, akampita Verediana bila kumtazama, akafika mezani. Bwana Dismasi akakiinua kibao, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Chukua, mama. Ni chako."

Bibi akakitazama. Nilimwona anakitaka. Mkono wake ulitoka kwenye kitenge, ukafika nusu ya njia.

"Oya," akakataa kwa lugha ya kwao. "Kwanza barua."

"Barua gani?"

"Hiyo ya mwana. Si umesema wewe mwenyewe hutaki kudharauliwa? Barua imesomwa, tumeisikia sote. Ijibu." Akakunja kitenge chake, akajishusha polepole, akakaa chini mbele ya meza, palepale watu wanaposimama kupokea vibao. "Tunangoja."

Bwana Dismasi akakiweka kibao chini. Akachukua orodha mikononi mwa Feliksi, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu, akairudisha.

"Soma jina la pili," akasema.

Feliksi akasoma. Mwenye jina alikuwa yule aliyejifunika mdomo kwa kitenge. Hakuinuka. Feliksi akasoma la tatu, sauti ikiwa imepungua, na la nne. Nao hawakuinuka. Wanawake walikuwa wameinua vichwa sasa. Nilitafuta uso wa Verediana, nikitaka anitazame, nikitaka hata anitukane. Hakunitazama. Alikuwa bado amesimama, anamtazama Mwenyekiti, anasubiri jibu.